Shahidi na Unga wa Magoti

Siku Kinanda alipogundua kwamba mbwa wa matajiri huumwa magoti, alikuwa amekwenda kutoa fotokopi ya cheti cha mtu mwingine.

Duka la fotokopi na kliniki ya wanyama vilitenganishwa na ukuta mmoja na kugawana baraza moja, na barazani palikuwa na benchi refu la mbao. Benchi lilikuwa mali ya duka, lakini asubuhi ile lilikaliwa na watu wa kliniki. Alikuwepo mama mwenye saluni, amempakata paka mnene kama mto wa kulalia. Alikuwepo bwana mmoja mwenye saa nzito, ameshika mnyororo wa mbwa aliyemzidi kilo. Walikuwepo na wengine, kila mmoja na mzigo wake wa manyoya, na wote walikuwa na nyuso za watu wanaosubiri habari za mgonjwa mahututi.

"Anaumwa nini, dada?" Kinanda alimuuliza mama mwenye saluni kwa sauti ya msibani.

"Magoti, kaka yangu. Zamani alikuwa anaruka mpaka juu ya kabati. Siku hizi hata kochi linamshinda."

"Pole sana. Na daktari anasemaje?"

"Daktari!" Mama alibetua midomo. "Daktari anasema nimpunguzie chakula."

"Mtoto anaumwa, halafu unamnyima chakula?"

"Hebu niambie wewe!"

Kinanda alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, na cheti akakisahau kwenye mashine.

Walimwita Kinanda kwa sababu mdomo wake ulipiga wimbo wowote ulioombwa na mwenye fedha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeandikwa katika vituo kadhaa vya polisi, kwa hiyo hakupenda kulitumia ovyo. Alikuwa ameshauza viwanja vilivyo katikati ya mto, simu mpya ambazo ndani ya boksi zilikuwa kipande cha sabuni, na tiketi za mechi iliyochezwa jana yake. Biashara zote hizo zilikuwa na kasoro moja: mteja akifika nyumbani, anagundua. Lakini mgonjwa wa manyoya hasemi. Akipona, umemponya wewe. Asipopona, ni uzee. Na anayelipa ni mtu mwenye fedha, mwenye mapenzi, na ambaye ameshaudhiwa na ukweli wa daktari. Kinanda aliona uchungu kwamba nafasi kama ile ilikuwa imekaa wazi miaka yote, watu waaminifu wakiipita tu.

Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake.

Shangazi aliishi katika chumba na jiko nyuma ya soko. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, ambaye machozi yake yalikuwa karibu kuliko maji ya bomba lake. Aliweza kulia kwa jicho moja tu, la upande wa mteja, huku lile jingine likihesabu sufuria. Kinanda alikuwa amefanya naye kazi katika ile biashara ya viwanja, ambapo yeye alikuwa mjane anayeuza urithi kwa shida.

"Maganda ya mayai," Kinanda alisema, akiweka gunia juu ya meza. "Waoka keki wanayatupa. Vichwa vya dagaa hivi, wauza samaki wananishukuru nikivibeba. Unasaga, unachanganya na manjano kidogo ionekane ina siri."

"Na inatibu?"

"Nani kasema inatibu? Lebo itasema inasaidia. Kusaidia ni neno pana, Shangazi, hata mimi nimewahi kusaidia watu."

Shangazi alinusa gunia, akarudi nyuma. "Na huyu mbwa atakula uchafu huu?"

"Atakula na kopo lake."

Hilo lilikuwa kweli. Walisaga, wakachekecha, wakajaza makopo. Lebo ilisema: *Kirutubisho Asilia cha Magoti na Nyonga, kwa Mbwa na Paka. Hakina Kemikali.* Baada ya muda mfupi wa kazi ile nyumba nzima ilinuka dagaa, nguo za Kinanda zilinuka dagaa, na watu walimpisha njia bila kuombwa. Yeye mwenyewe hakusikia chochote. Pua yake ilikuwa imestaafu kimya kimya, bila hata kumuaga.

Dawa ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni shahidi.

Alimpata nje ya bucha. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekunjika, asiye na mwenyewe. Mwenye bucha alipokuwa hatazami, mbwa yule alitembea kama askari wa gwaride. Mwenye bucha alipogeuka, aliinua mguu wa mbele wa kulia, akauning'iniza, akajongea akichechemea na macho ya yatima. Akatupiwa mfupa. Akaubeba, akazunguka kona, na huko kona akatupa ugonjwa wote na kutimua mbio. Kinanda alisimama pale akimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Akaingia bucha, akanunua maini.

Mbwa akaitwa Shahidi. Hakuhitaji kufundishwa mengi. Kinanda akivua kofia, Shahidi achechemee. Akionjeshwa unga wa kopo, anyooke, atembee mpaka mwisho wa baraza na kurudi. Akimaliza, aketi na kuweka kidevu juu ya kiatu cha Kinanda, alipwe ini lake. Mkataba huo haukuandikwa popote, na katika maisha yote ya Kinanda ndio mkataba pekee aliouheshimu. Usiku walilala kitanda kimoja. Shahidi alikoroma, na Kinanda, ambaye wake wawili walikuwa wamemkimbia, alisema hajawahi kupata mwenza asiyeuliza fedha imetoka wapi.

Basi wakaanza. Shangazi anaketi kwenye benchi na paka wa kuazima. Kinanda anapita na Shahidi kama mtu mwenye safari zake, anavua kofia kupangusa jasho, na mbwa anaanza kuchechemea.

"Jamani, huyu naye!" mtu anasema.

"Ah, huyu sasa nafuu," Kinanda anajibu. "Mngemwona mwezi uliopita. Nilikuwa nambeba mgongoni." Anatoa kopo mfukoni, anamwonjesha unga kwenye kiganja. Shahidi analamba, anatulia kidogo, kisha anatembea. Benchi zima linashusha pumzi.

"Kaka, dawa gani hiyo? Unauza?"

Hapo Kinanda anaonekana kuumia. "Mimi si muuzaji, dada yangu. Mimi ni mzazi tu aliyeteseka."

Na Shangazi, upande wa pili, anaanza kulia kwa jicho lile linalohusika. "Mpeni baraka zake kijana huyu. Paka wangu nilishamchimbia shimo!"

Makopo yalitoka kwa kubembelezwa. Kinanda alikuwa akikataa, akisema haya ni ya mgonjwa wake, na watu wakawa wanamshikia shati.

Daktari wa wanyama, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyokwaruzwa na paka wa mji mzima, alitoka nje siku moja akiwa na sindano mkononi.

"Wewe! Sitaki kukuona kwenye kliniki yangu."

"Daktari, shikamoo. Mimi nimekaa kwenye benchi la fotokopi."

Daktari alilitazama benchi, akamtazama mwenye duka, ambaye aliinamia mashine yake kwa bidii mpya kabisa. Kinanda alikuwa amempa kopo la bure kwa ajili ya paka wake.

"Vipo virutubisho vya viungo vinavyosaidia kidogo, kwa baadhi yao, tena taratibu," daktari aliwaambia watu wa benchi. "Lakini hakuna unga duniani unaonyoosha goti kwa dakika moja."

"Lakini tumeona kwa macho yetu!" alisema mama mwenye saluni.

Na kweli walikuwa wameona. Daktari akarudi ndani na sindano yake.

Yule bwana mwenye saa nzito alikuwa mwenyekiti wa wakazi wa mtaa wa nyumba zenye ukuta mrefu, na kila mtu alimwita Mwenyekiti, mpaka mkewe. Mbwa wake aliitwa Kamanda. Mwenyekiti alinunua kopo moja, Kamanda akalilamba mpaka bati likang'aa, na siku ya pili bwana akaja kwa Kinanda akiwa na wazo. Kinanda huwapenda sana watu wenye mawazo.

"Kijana, mtaa wangu una mbwa kila nyumba. Kwa nini wanunue kwako barazani kama karanga? Nipe uwakala mimi. Peke yangu. Wanunue kwangu, kwa bei yangu."

"Mzee, mimi ni mzazi tu aliye..."

"Achana na uzazi. Unayo kiasi gani?"

Kinanda alikuwa na magunia. Mwenyekiti aliyabeba yote kwa gari lake mwenyewe, akilinda mlango kwa mkono ili jirani asije akaona. Kinanda alinunua pikipiki nyekundu yenye sanduku nyuma, na koti jeupe la kidaktari, ambalo alisema ni kwa ajili ya vumbi.

Shangazi alikuja kudai mgao wake akitembea kwa kushika ukuta.

"Baba, ile theluthi yangu."

"Mwezi ujao, Shangazi. Fedha yote imeingia kwenye pikipiki."

"Basi nipe hata ya hospitali. Magoti yananila. Usiku silali."

Kinanda alicheka mpaka akashika sanduku la pikipiki. "Shangazi, mimi si mteja. Hayo machozi si nimeyafundisha mwenyewe?" Akatoa kopo moja na kumwekea mkononi. "Haya, lamba na wewe."

Shangazi alilitazama kopo. Shangazi ni baba wa kike, na mtu mwenye akili hamfanyii baba yake mzaha wa namna ile. Macho yake yote mawili yalikuwa makavu kabisa, jambo ambalo lingepaswa kumtisha Kinanda.

"Sawa, baba," alisema, na akaenda zake na kopo, taratibu, akishika ukuta.

Kule mtaa wa ukuta mrefu mambo yalianza kwenda ovyo. Tatizo lilikuwa kwamba unga wa Kinanda ulikuwa mtamu. Mbwa wa matajiri, waliozoea vyakula vya makopo visivyo na harufu, walikuwa hawajawahi kuonja kitu kinachonuka maisha kama vichwa vya dagaa. Na kila mmoja wao, kwa muda wake, aligundua siri ileile iliyogunduliwa na Shahidi pale bucha: ukichechemea, unapewa. Kwanza alichechemea Kamanda. Kisha jirani yake. Baadaye mtaa mzima ulikuwa unachechemea, watoto wa mbwa wakiwemo. Mbwa waliokuwa wakiruka uzio walisimama mbele ya jiko na mguu mmoja hewani, na wenye nyumba, mioyo ikiwauma, walikimbilia kijiko.

Hili lilikuwa jambo la ajabu katika historia ya tiba: dawa iliyoleta ugonjwa wake yenyewe. Mwenyekiti aliuza mpaka akachoka. Kisha siku moja, akiwa dirishani, alimwona Kamanda akimkimbiza paka wa jirani bustani nzima kwa miguu minne imara, na kurudi mlangoni, na hapo mlangoni kuinua mguu.

Mtu mdogo akiibiwa hupiga yowe. Mtu mwenye cheo hawezi, maana yowe litawaamsha majirani aliowauzia. Mwenyekiti alifunga dirisha, akayatazama magunia yaliyobaki stoo, na akakaa kufikiri nani mwingine katika mji huu anaweza kuyanunua. Alimkumbuka yule mama aliyekuwa akilia kwenye benchi. Alimtafuta nyuma ya soko, akamkuta akiyakanda magoti yake kwa beseni la maji ya moto.

Tumwache Mwenyekiti hapo anabisha hodi, turudi kwa Kinanda.

Kinanda alikuwa akijiandaa kwenda barazani asubuhi Shahidi aliposhuka kitandani akichechemea.

"Kofia iko kichwani," Kinanda alimkumbusha.

Shahidi aliendelea. Tena mguu wenyewe haukuwa ule wa kazi. Alikuwa akiuburuta wa nyuma, wa kushoto.

"Umekosea mguu! Wetu ni wa mbele kulia. Ukibadilisha badilisha, watu watasema tuna mbwa wawili." Shahidi alimtazama. "Na wewe umeanza? Umekutana na wale wahuni wa mtaa wa Mwenyekiti? Hupati ini kabla ya kazi."

Walifanya kazi siku ile, na iliyofuata. Shahidi alichechemea kwa zamu, akanyooka kwa zamu, akalipwa. Alikuwa mzito kidogo kwenye kunyooka, na Shangazi aliliona hilo kutoka kwenye benchi. Kinanda alimkaripia kwa uvivu.

Kisha ikatokea kwamba Kinanda alisahau ufunguo wa pikipiki. Alirudi, akapita upande wa dirisha, na akaona ndani. Chumba kilikuwa kitupu. Shahidi alikuwa anakwenda kwenye bakuli la maji. Hakuna aliyekuwa akimtazama, hakukuwa na kofia, hakukuwa na ini. Aliuburuta mguu wa nyuma, akasimama katikati ya sakafu kupumzika, akaendelea, na alipofika alishindwa kuinama sawasawa, akanywa akiwa ameegemea ukuta.

Kinanda alibaki dirishani. Alikuwa amewaona waigizaji wengi maishani, na yeye akiwa mmoja wao, na alijua kwamba hakuna anayeigiza ukumbi ukiwa mtupu. Ufunguo alioufuata akausahau tena. Kwa mara ya kwanza katika biashara ile alijisikia mgonjwa.

Alimpeleka kliniki kwa mlango wa nyuma, kofia ameivuta mpaka puani.

Daktari alimjua kwa harufu. Hata hivyo alimpima Shahidi polepole, akakunja mguu na kuukunjua, akasikiliza.

"Nyonga imechakaa. Kila siku unamwinua, unamkalisha, unamtembeza kwenye sakafu ngumu, unamnenepesha kwa maini. Ulitegemea nini?"

"Mpe dawa, daktari. Kali kuliko zote."

"Dawa ya maumivu nitampa. Mafuta ya samaki yataongezwa kwenye chakula. Apungue uzito, apumzike, michezo ya barazani basi. Kidogo kidogo, miezi kadhaa, atakuwa na nafuu. Ujana hautarudi, lakini mguu utamvumilia."

"Miezi?"

"Miezi."

"Hakuna kitu cha haraka? Fedha si tatizo."

Daktari aliweka kalamu chini. Usoni mwake palikuwa na kitu kilichokaribia sana kicheko.

"Nenda kaulize kwenye benchi la fotokopi," alisema.

Kinanda alitoka akiwa ameudhika. Daktari gani huyu asiye na matumaini? Anamwona kiumbe anateseka, halafu anasema apunguziwe chakula! Alinung'unika njia nzima, na kama angejisikiliza vizuri angeitambua sauti ile. Ilikuwa ya mama mwenye saluni, neno kwa neno. Wahenga walisema mganga hajigangi. Walisahau kuongeza kwamba hata akili zake hutibu wengine tu.

Nje alimkuta Mwenyekiti amesimama kando ya pikipiki nyekundu. Kinanda alitaka kukimbia, maana mteja anayekungoja kwenye chombo chako hajaleta shukrani. Lakini Mwenyekiti alikuwa na uso wa huzuni, na Kamanda alikuwa ubavuni pake akitembea kama bwana harusi.

"Kijana, unga wako haukumfaa Kamanda," Mwenyekiti alisema. "Alizidi. Usiogope, sikukasirika. Ndiyo dunia."

"Mbona anatembea vizuri?"

"Ah, huyu sasa nafuu. Ungemwona mwezi uliopita. Nilikuwa nambeba mgongoni." Mwenyekiti alitoa kikopo cheusi chenye maandishi ya dhahabu, ya lugha isiyosomeka. Unga wa ndani ulikuwa wa kahawia iliyoiva. "Shemeji yangu yuko melini, ananiletea. Wanatengeneza watawa, juu milimani huko, kwa mitishamba na kome wa baharini."

Msomaji anaweza kujiuliza watawa wa milimani wanapata wapi kome. Kinanda hakujiuliza. Alikuwa amembeba Shahidi mikononi, na moyo wa mbwa ulikuwa unampigapiga kifuani.

"Niuzie," alisema.

Mwenyekiti akaonekana kuumia. "Mimi si muuzaji, kijana. Mimi ni mzazi tu aliyeteseka."

Mtu angedhani maneno hayo yangemgonga kichwani kama mlango. Yalimpita. Yalikuwa maneno mazuri na aliyaamini, kama walivyoyaamini wote.

"Mzee, nakuomba. Taja chochote."

"Fedha nitaitaka ya nini?" Mwenyekiti aliipapasa pikipiki, kitini, taratibu, kama anayempapasa mbwa. "Fedha ninayo."

Kinanda alitoa kadi ya pikipiki na ufunguo palepale. Alitoa na koti jeupe lililokuwa ndani ya sanduku, kwa kuwa Mwenyekiti alisema kuna mtu litamfaa. Alishukuru mara nyingi. Kisha akaenda kwao kwa miguu, Shahidi begani na kikopo cheusi mfukoni, akimwimbia.

Chumbani alimlaza kwenye blanketi, akafungua kikopo, akamimina unga kiganjani. Alisema maneno fulani ya kumwomba Mungu, ambaye hawakuwa wamezungumza naye siku nyingi.

Shahidi alinusa. Masikio yake yakasimama, hata lile lililokunjika. Akalamba kiganja chote, akatulia kidogo, kisha akainuka.

Akatembea. Alinyooka mgongo, akaweka miguu minne sakafuni mmoja baada ya mwingine, akaenda mpaka mlangoni.

"Anatembea!" Kinanda alipiga kelele. "Jamani, anatembea!" Machozi yalimtoka, ya kweli, ya macho yote mawili. Aliwabariki watawa. Aliibariki meli na shemeji aliyekuwemo. Alimbariki Mwenyekiti na kizazi chake.

Shahidi aligeuka mlangoni na kurudi, akatembea vilevile, wima, ila mguu wa nyuma ulikuwa unatikisika kama uzi. Alipofika aliketi kwa shida. Akaweka kidevu juu ya kiatu cha Kinanda na kumtazama mkono.

Alikuwa anangoja ini lake.

Kinanda aliacha kubariki watu. Alikitazama kikopo. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, na kati ya meno yake maganda ya mayai yakalia kwachakwacha. Pua ilikuwa imestaafu, lakini ulimi ulikuwa bado kazini. Ulikuwa unga wake, wa gunia lake, umekaangwa kidogo ubadilike rangi. Na katika dunia nzima, mtu mmoja tu mwingine alijua kwamba mbwa huyu akionja unga huu atanyooka hata kama mfupa unamkatika, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata nguo zenyewe ndiye aliyezifua.

Hasira haikuja, au ilikuja ikakuta mlango umefungwa. Shahidi alikuwa bado amenyoosha mgongo, akihema, hathubutu kulegea kabla kazi haijaisha.

"Basi," Kinanda alimwambia. "Basi, baba. Leo hakuna wateja. Chechemea tu."

Shahidi hakuelewa. Kinanda akapiga magoti, na akavua kofia.

Kesho yake alimbeba mpaka kliniki. Alikuwa ameuza redio na godoro, na bado alijua havitatosha kwa miezi aliyoitaja daktari. Benchi lilikuwa limejaa. Pikipiki nyekundu ilikuwa imeegeshwa mbele ya baraza, sanduku limejaa vikopo vyeusi, na katikati ya benchi, ndani ya koti jeupe lililompwaya kidogo mabegani, aliketi Shangazi. Magoti yake yalikuwa yamefungwa bandeji mpya za hospitali.

Kinanda alisimama mbele yake. Maneno yote ya maisha yake yalikuwa yamempotea, likabaki moja.

"Shangazi."

"Karibu, baba." Alisogea kumpisha, kisha akasema taratibu, kwa sauti ya wawili tu: "Kwa mbwa umetoa pikipiki. Kwa magoti yangu ulinipa kopo."

Kinanda aliketi. Shahidi alijikunja mapajani mwake.

Bwana mmoja mgeni, aliyempakata mbwa mdogo mwenye utepe, aliinama mbele. "Mama, hiyo dawa kweli inafanya kazi?"

"Mimi si muuzaji, mwanangu," Shangazi alisema, na jicho moja likaanza kulowa. "Usinisikilize mimi. Muulize kijana huyu. Mbwa wake alikuwa hajiwezi kabisa, akaonja kikopo hiki hiki jana."

Benchi zima likamgeukia Kinanda. Mama mwenye saluni alinyoosha shingo. Ndani, daktari alikuwa anaita anayefuata, na anayefuata alikuwa yeye, na mezani kwa daktari palikuwa na bei ya dawa ya maumivu, ya mafuta ya samaki, ya miezi.

"Ni kweli, kaka?" aliuliza bwana mwenye mbwa wa utepe. "Alitembea?"

Kinanda alimtazama Shahidi. Shahidi alimtazama Kinanda.

"Alitembea," alisema. "Palepale." Na katika yote aliyowahi kusema kwenye benchi lile, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli.

Bwana yule akaanza kupapasa mfuko wa koti. Shangazi, bila kugeuza uso, alipitisha mkono chini ya benchi na kumwekea Kinanda magotini kifurushi kidogo cha maini.